Anayeniuzia faiba ndiye mshindani wangu: bei ya jumla ipangwe na nani?

Waya wa Manyatta (Kisumu)
Wandugu, nina wateja 86 hapa Manyatta. Faiba naikodi kwa kampuni kubwa, kisha navuta waya mwenyewe ploti kwa ploti. Nikigawa ninacholipa, kila mteja ananigharimu shilingi 1,150 kwa mwezi, bado nguzo na kijana anayepanda. Natoza 1,500. Mwezi jana kampuni hiyohiyo imeshuka mtaani na kifurushi cha 1,300, na wateja wanne wamehama. Mamlaka ya Mawasiliano ipange bei ya jumla? Au nikiomba hivyo nitawavunja moyo wanaochimba? Maana nisingekuwa na biashara kama hakuna aliyefikisha mtaro hapa.

Mchimba Mitaro (Nakuru)
Pole sana. Lakini mimi ni mtu wa jembe, na kinachokula pesa ni kuchimba na vibali, waya wenyewe ni rahisi. Bei ikishushwa kwa nguvu hadi aliyechimba asirudishe pesa yake, mji kama Molo hataenda kuuchimbia. Kila mmoja atangoja mwenzake achimbe, akodi kwa bei ya chini. Mimi nitakaa nyumbani.

Mwalimu wa Uchumi (Kakamega)
Mchimba anasema mtaro mpya. Mtaro uliokwisha kujilipa ni habari nyingine. Uingereza, kampuni ya simu ya BT ilirithi waya za shaba za enzi za shirika la umma, ikalazimishwa kuwakodishia washindani. Idara yake ya Openreach ikaundwa 2006 kusimamia hilo. Baadaye mitaro na nguzo zake pia zikafunguliwa, wengine wapitishe faiba yao bila kuchimba upya. Ufaransa, kampuni ya intaneti ya Free ilianza kwa kukodi shaba, ikakusanya wateja, ndipo ikajenga faiba yake. Kukodi kulizaa uwekezaji.

Hata kwetu mdhibiti kupanga bei si jambo geni. Mwaka 2010 ada ya kuunganisha simu kati ya mitandao ilishushwa kutoka shilingi 4.42 hadi 2.21 kwa dakika, na Machi 2024 ikashushwa hadi senti 41.

Ila kwako, Waya, nisingeanza na hiyo 1,150. Tazama pengo: 1,300 toa 1,150, inabaki 150. Je, idara yao ya rejareja ingeishi kwa 150 kama ingenunua kwa bei yako? Kama haiwezi, unabanwa, na hilo ni la kupeleka kwa Mamlaka ya Ushindani. Wakitaka wapandishe rejareja, wakitaka washushe jumla, bora pengo litoshe.

Waya wa Manyatta
Nguzo tu zinanila 90 kwa kila nyumba, mwalimu. Inabaki 60, na kijana hajalipwa.

Mchimba Mitaro
Kwa pengo hilo sikupingi. Pesa yangu ya kuchimba haijaguswa. Weka risiti zako zote, kuanzia siku ya kwanza.

Waya wa Manyatta
Ninazo za miezi 14. Kesho asubuhi nazipanga.