Programu ya uchambuzi inapokea fomula mbovu kimyakimya, lawama zinatuangukia sisi

Wakuu, leo nina hasira, wacha niseme.

Ofisini tuna programu ya uchambuzi ambayo unaandika swali kwenye kisanduku, "mauzo kwa mkoa mwezi huu", inakuletea jedwali na grafu. Maswali mepesi inayamudu. Balaa linaanza ukitaka kipimo chako mwenyewe, ukabonyeza "ongeza fomula".

Chukua asilimia ya faida, hesabu ambayo kila muuzaji wa jumla anaihitaji. Mtu anaandika faida / mauzo. Inatokea alama ya kijani, fomula imepita. Kumbe inagawanya kila mstari peke yake, kisha inatafuta wastani wa majibu! Ankara moja ya shilingi 1,000,000 ina faida ya 100,000, yaani asilimia 10. Nyingine ya 50,000 ina faida ya 20,000, asilimia 40. Programu inakwambia umepata asilimia 25. Ukweli ni 120,000 kwa 1,050,000, asilimia 11 na ushee. Ilitakiwa iandikwe SUM(faida) / SUM(mauzo), yaani jumla ya faida kwa jumla ya mauzo, na kwenye dirisha zima la fomula hakuna neno hata moja la kukutahadharisha. Meneja wa mauzo akiibeba hiyo 25 mpaka kwenye kikao, akaruhusu punguzo kwa wateja wakubwa, anayeitwa kujieleza ni mchambuzi wa data.

Na hilo punguzo lenyewe lina mambo yake. Ankara isiyo na punguzo, kolamu yake iko tupu, siyo sifuri. Andika bei - punguzo, jibu nalo linatoka tupu, na ukijumlisha, ankara hizo zote zinaachwa nje. Hupewi ujumbe wa kosa, jumla inashuka tu na maisha yanaendelea. Najua ndivyo SQL, lugha ya kuulizia data kwenye hifadhidata, inavyofanya kazi, thamani tupu ikiingia kwenye hesabu inatoa tupu, na dawa yake ni kuigeuza kuwa sifuri kwanza. Lakini jamani, hawa watu walituuzia kitu hiki wakiapa kwamba hata asiyeijua SQL atajihudumia mwenyewe! Basi waandike pale chini, "kuna mistari ambayo haikuhesabiwa". Wanashindwa nini?

Kinachoniuma kuliko vyote ni hiki: fomula uliyoitengeneza ndani ya swali lako inabaki humo humo. Mtu wa fedha anatunga yake, wa ghala yake, wote wanaiita "faida halisi", na kila mmoja ana namba tofauti. Kuiingiza kwenye modeli ya pamoja ili kila mtu aitafute kwa jina moja kunahitaji ruhusa ya msimamizi, ruhusa ambayo kwetu inauzwa kwenye kifurushi cha juu. Yaani usahihi wa hesabu tunalipishwa kama nyongeza!

Tumewaandikia huduma kwa wateja. Wametujibu tusome mwongozo. Tumeusoma, mifano yake yote ni ya data safi isiyo na kolamu hata moja tupu. Data ya namna hiyo ipo kampuni gani?

Mkataba wetu unakaribia kuisha na mimi nimeshasema ndani kwamba tusisaini tena kabla hawajaweka onyo kwenye fomula. Wadau mliowahi kuwabana wauzaji wa zana za namna hii, mliandika kipengele gani kwenye mkataba, na walikubali? Naomba maneno yenyewe kama mnayo.