Tupeane uzoefu: tangi lako jipya la samaki lilichukua siku ngapi kukomaa, na ni nini kilichokukwamisha?

Mleta mada

Ndugu wanachama, naomba tukusanye hapa yale ambayo kila mmoja wetu aliyapitia alipokuwa akikomaza tangi jipya la samaki wa maji yasiyo na chumvi, yaani kulijengea bakteria wanaoondoa sumu ya uchafu wa samaki. Naanza na langu, kwa kuwa limenigharimu samaki wanne na sipendi mwingine ayarudie makosa yale yale.

Tangi langu ni la lita 60. Nililijaza maji, nikatia dawa ya kuondoa klorini, nikawasha kichujio na kuliacha likizunguka tupu kwa siku saba, kwa sababu nilikuwa nimeelezwa kwamba wiki moja inatosha. Maji yalikuwa maangavu kiasi kwamba ungeweza kuhesabu punje za changarawe. Siku ya nane nilitia gapi sita; kufikia siku ya kumi na mbili walikuwa wamebaki wawili, nao walikuwa wakitweta juu ya uso wa maji. Kipimo cha matone nilikipata siku hiyo, na amonia ilisoma miligramu 4 kwa lita.

Kosa langu sasa nalielewa. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua yake, na chakula kinachobaki kikioza hutoa amonia pia. Kundi moja la bakteria huigeuza amonia hiyo kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha kundi jingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huistahimili kwa kiwango kikubwa zaidi na ambayo sisi huipunguza kwa kubadilisha maji. Makundi hayo hayaelei tu majini. Hujishikiza kwenye sponji ya kichujio, kwenye changarawe na kwenye kila sehemu inayopitiwa na maji yenye hewa. Tangi langu tupu halikuwa na chochote cha kuwalisha, kwa hiyo siku zile saba hazikujenga kitu.

Niliwahamisha gapi wawili kwenye beseni pana lenye pampu ya hewa, nikaanza upya kwa kutia kloridi ya amonia kila siku hadi maji yasome miligramu 2 kwa lita. Leo ni siku ya 19. Amonia inaisha ndani ya saa 24, lakini nitriti imekwama kwenye rangi ya mwisho ya kadi ya kipimo kwa siku nane mfululizo. Atakayechangia naomba ataje njia aliyoitumia, siku alizosubiri na jambo lililomkwamisha, na aliyepoteza samaki asione haya kusema.

Mchangiaji wa 1

Ndugu mleta mada, nilikwama mahali hapo hapo ulipo. Langu lilikuwa la lita 80, nikalidumisha kwenye nyuzijoto 27, nikitumia kloridi ya amonia kama wewe. Siku tisa za kwanza hakuna kilichobadilika hata kidogo, na nilikaribia kulimwaga lote nikidhani nimekosea. Bakteria hawa huzaana polepole mno: wapo bakteria wa aina nyingine ambao, wakipata mazingira mazuri, huongezeka maradufu kwa dakika 20 hivi, ilhali hawa wa kwetu huweza kuchukua karibu siku nzima. Siku ya 12 amonia ilianza kushuka na nitriti ikajitokeza, kisha nitriti ikapanda na kukaa juu hadi siku ya 30.

Kilichonisaidia ni hesabu. Kila miligramu 1 ya amonia inayoliwa huacha takriban miligramu 2.7 za nitriti, kwa kuwa oksijeni huongezwa juu yake. Nilipokuwa nikitia miligramu 2 kila siku, nilikuwa nikizalisha zaidi ya miligramu 5 za nitriti kila siku, wakati kundi la pili la bakteria ndiyo kwanza linaota. Kadi yangu iliishia miligramu 5, kwa hiyo rangi ile ingeweza kuwa 5 au hata 40 nami nisijue. Nilichukua sehemu moja ya maji ya tangi, nikaichanganya na sehemu tisa za maji safi, nikapima na kuzidisha jibu kwa kumi: ilikuwa 30. Tangu hapo nilitia amonia kila baada ya siku tatu badala ya kila siku. Siku ya 34 nitriti ilisoma sifuri, na amonia niliyotia jioni hiyo ilipita hatua zote mbili ndani ya saa 24. Nilibadilisha karibu maji yote ili kuondoa nitrati iliyorundikana, nikatia samaki siku ile ile ili bakteria wasikae bila chakula.

Mchangiaji wa 2

Kabla ya kulaumu kiasi cha amonia, naomba upime pH, yaani kipimo cha asidi ya maji (namba ikishuka, asidi imezidi). Maji ninayotumia ni laini sana, yaani yana kabonati kidogo, na katika wiki ya tatu tangi langu lilisimama kabisa: amonia haishuki, nitriti haishuki. pH ilikuwa imeanza kwenye 7.2, nami sikuipima tena kwa kuwa niliamini haibadiliki. Nilipoipima ilikuwa chini ya 6. Kazi yenyewe ya kugeuza amonia huzalisha asidi, na asidi hiyo hula kabonati iliyomo majini, takriban miligramu 7 za kabonati ya kalsiamu kwa kila miligramu 1 ya naitrojeni ya amonia. Kabonati ikiisha pH huporomoka, na bakteria wetu hupunguza kazi sana inaposhuka chini ya 6.5. Nilibadilisha nusu ya maji, nikaongeza bikaboneti ya sodiamu kidogo kidogo hadi pH ikarudi 7.4, na baada ya siku mbili namba zilianza kutembea.

Wenye samaki ndani ya tangi wasifanye hivi kwa haraka. Amonia iko katika sura mbili, na ile yenye sumu kali huongezeka kadiri pH inavyopanda: kwenye nyuzijoto 25 na pH 7 haifiki asilimia 1 ya amonia yote, ila kwenye pH 8 huwa asilimia 5 hivi. Ukiipandisha pH wakati amonia imejaa, unaweza kuwaua kwa mkono wako mwenyewe samaki waliokuwa wanavumilia. Kwanza badilisha maji, amonia ipungue, ndipo urekebishe pH polepole.

Mchangiaji wa 3

Mimi sikuwa na nafasi ya kukomaza tangi tupu. Nililetewa samaki wa dhahabu wawili kama zawadi, wakiwa tayari ndani ya mfuko, na tangi nililipata kesho yake. Ilinichukua wiki saba, na katika wiki hizo nilipima kila asubuhi na kubadilisha maji, mara nyingine nusu ya tangi kwa siku, kila amonia au nitriti ilipozidi miligramu 0.5. Niliwalisha mara moja kwa siku, chakula kidogo sana, kwa kuwa kila punje inayoingia hurudi kama amonia.

Katika wiki ya nne nitriti ilinipita usiku mmoja, nikawakuta wakihema kwa kasi na matamvua yamegeuka rangi ya udongo. Nitriti huingia kwenye damu na kuifanya ishindwe kubeba oksijeni, ndiyo sababu samaki huonekana kama anayezama ilhali maji yana hewa ya kutosha. Nilibadilisha maji na kutia chumvi isiyoongezwa kitu, nusu gramu kwa kila lita, kwa sababu kloridi iliyomo kwenye chumvi hushindana na nitriti kwenye matamvua na kuizuia isiingie kwa wingi. Wote wawili walipona. Hata hivyo njia hii simshauri mtu aichague kwa hiari, kwani samaki hubeba mateso ambayo tangi tupu lingewaepusha.

Mchangiaji wa 4

Langu lilichukua siku sita. Nilipewa sponji iliyotumika zaidi ya mwaka mmoja kwenye tangi lenye samaki wenye afya, nikaisafirisha ikiwa ndani ya maji yake, nikaiweka kwenye kichujio changu siku ile ile. Hakikisha tu kwamba tangi inakotoka halina ugonjwa.

Mchangiaji wa 5

Nami naongeza habari ya tangi lililokwisha kukomaa, kwa sababu linaweza kurudi nyuma. Mwezi wa tano niliiosha sponji chini ya bomba hadi ikawa nyeupe, nikafurahi. Maji yale yalikuwa na klorini, na baada ya siku mbili amonia ilisoma 1. Siku hizi naikamua ndani ya ndoo yenye maji niliyoyatoa kwenye tangi, naacha uchafu mzito utoke, nairudisha ingali na rangi yake ya kahawia.

Mleta mada

Ndugu zangu, nawashukuru kwa dhati. Nilipima pH jioni ile ile niliyosoma mchango wa pili, ikasoma 6.1, na nitriti baada ya kuchanganya na maji safi ilikuwa 20. Nilibadilisha nusu ya maji, nikaongeza bikaboneti ya sodiamu, nikapunguza amonia hadi mara moja kwa siku tatu. Leo ni siku ya 33. pH ni 7.3, amonia ni sifuri, na nitriti imeshuka hadi 0.25. Nitrati ilikuwa ikisoma kidogo mno hadi nilipogundua kwamba chupa ya pili ya kipimo chake inatakiwa kutikiswa kwa nguvu kabla ya kudondosha matone, kwani dawa yake hutuama chini.

Gapi wawili bado wako kwenye beseni, nawabadilishia nusu ya maji kila siku. Kesho nitatia amonia ya miligramu 2 kwa mara ya mwisho, na iwapo keshokutwa vipimo vyote viwili vitasoma sifuri nitabadilisha maji na kuwarudisha.