Naomba ushauri: kutoa vumbi la mbao nje ya karakana

Habari zenu wakuu. Nina karakana ndogo ya useremala uani, Morogoro, napasua zaidi mninga na mkongo. Feni ya kunyonya vumbi nimeiunga na msumeno wa meza kwa bomba la PVC la inchi 4. Maranda yanabaki kwenye pipa, lakini ule unga laini unapenya mfuko wa kitambaa na kurudi ndani. Wa mkongo unawasha pua na koo vibaya sana. Nimeweka mfuko mzito, feni ikaishiwa nguvu.

Sasa nataka hewa itoke nje, ila jirani yuko mita 3 tu na huanika nguo upande huo.

Bomba nikilipandisha juu ya paa, nitumie inchi 4 au 6? Na mvua za masika nizizuieje bila kuibana hewa?