Kapu la "afya" la 4,800 limemwaibisha dada yangu njiani Menengai

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mtanisamehe maneno.

Dada yangu mkubwa ni mtu wa afya kwelikweli. Sukari aliiacha miaka miwili sasa, chai yake ni ya rangi, na kila Jumamosi alfajiri yeye na wenzake hupanda mlima Menengai kwa miguu kutoka Nakuru mjini. Mtu kama huyo kumtafutia zawadi ni kazi. Keki hali, manukato yanampiga chafya. Alipofikisha miaka arobaini nikaingia duka moja hapa Nakuru linalouza "zawadi za afya", nikalipa 4,800 kwa M-Pesa, nikapewa kapu limefungwa karatasi inayong'aa na utepe wa kijani. Kuomba nifunguliwe nione ndani, naambiwa urembo utaharibika. Mjinga mimi nikakubali. Pesa hiyo ingetosha viatu vya mtumba vya kupandia mlima, tena vizuri!

Asali kwanza. Asali halisi anakula, kijiko kimoja asubuhi. Hii aliligeuza kopo, na chini ya picha ya nyuki, kwa herufi za ukubwa wa chawa, imeandikwa sharubati ya glukosi. Unga wa mlonge nao una stika ya tarehe juu ya stika nyingine. Niliibandua kwa ukucha, na ile ya chini inasema uliisha Machi. Mbegu za chia sina neno nazo.

Lakini hiyo "chai ya kusafisha mwili"! Alikunywa vikombe viwili Ijumaa saa tatu usiku, kwa kuniheshimu tu. Kiungo cha kwanza kwenye pakiti ni sanamaki, dawa ya kuendesha tumbo ya tangu enzi za mababu. Huchukua saa sita hadi kumi na mbili kufanya kazi. Hesabuni wenyewe alikuwa wapi Jumamosi saa moja na nusu asubuhi. Nyumba za mwisho zimeshabaki chini, mbele ni mlima, nyuma ni wanaume watano wa kikundi. Siendelei, ni dada yangu.

Jumatatu nikarudi dukani. Jamaa ananijibu bila haya: "Kaka, hiyo ni sumu inatoka."

Sumu! Mtu asiyegusa hata andazi, sumu ya wapi? Nikamwonyesha stika, akanyoosha kidole ukutani: bidhaa zikiuzwa hazirudishwi. Nikamtajia kifungu cha 46 cha Katiba, kwamba mnunuzi ana haki ya bidhaa zenye ubora na ya kuelezwa anachouziwa. Akaniuliza kama nimekuja kununua au kuhubiri.

Kapu liko kwangu. Chia nimeshaanza kuzila. Chai naitunza: siku mwenye duka atakapokunywa vikombe viwili mbele yangu, kisha tupande naye Menengai, pesa zangu namwachia.