Mijohoro ikichanua unakumbuka nini? Tupeane uzoefu

Konda Mstaafu: Jana nimeshuka Igawa kunywa chai chini ya mjohoro. Nanyanyua kikombe, ua la njano linaelea. Nikarudi darasa la tano palepale. Tulikuwa tunafagia hayo maua alfajiri, ukigeuka upepo unamwaga mengine, na mwalimu wa zamu huyo anakuja. Wa Usangu, Chunya, Pawaga, njooni.

Binti Rujewa: Fagio la chelewa na kiuno kuuma. Dah.

Mzee wa Makete: Mnaringa nini? Huku baridi haiutaki huo mti. Sisi tuna matofaa na masweta.

Dogo Chunya: Si ule wa maua mekundu wa Desemba?

Binti Rujewa: Ule mkrismasi, kaka. Mjohoro maua njano, yanakaa nchani kwa mafungu, maganda yake bapa kama rula.

Mtoto wa Ubaruku: Mimi ukichanua napita njia nyingine. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, mama ana nguruwe watano, jike mmoja ana mimba. Kazi yangu kukata majani. Siku hiyo kuna mechi, na shuleni walikuwa wamepogoa mijohoro, matawi yamelala pale na maua yake. Nikabeba mzigo, nikautupa bandani, mbio uwanjani. Asubuhi mama ananiita kwa jina la ubatizo, nikajua kumekucha. Watatu wamekakamaa. Jike anahema kwa shida, ua la njano limemganda pembeni ya mdomo. Hakufika mchana. Bwana mifugo akaokota tawi, akauliza nani kaleta hili. Mama akaniangalia, akasema, "Mimi." Ada ya dada ilikuwa kwa yule jike. Hatujawahi kuliongelea.

Fundi Randa: Pole mkuu. Ila mlizika au mliuza? Maana kitimoto ya Ubaruku nimeila sana.

Mtoto wa Ubaruku: Tulizika 😂

Bwana Shamba Jioni: Nguruwe majani, maganda, mbegu, vyote sumu kwake. Mbuzi wangu wanakula fresh. Pandeni hata shambani, unaongeza naitrojeni.

Mama Mpunga: Hauongezi! Ni jamii ya kunde lakini mizizi haina vifundo vya kunasa naitrojeni. Chimba uone.

Bwana Shamba Jioni: Na majani yakioza?

Mama Mpunga: Hiyo mboji. Hata pumba inaoza.

Fundi Randa: Nyie gombaneni. Mimi nakata, unachipua, nakata tena. Kuni safi, ila moshi wake ugali utaula na machozi.

Dogo Chunya: Umetoka Asia huo. Thailand wanakula majani machanga na maua, wanachemsha kwanza na kumwaga maji.

Mzee wa Makete: Nakuja kwako Jumapili, uanze kula wewe.

Binti Rujewa: Mtoto wa Ubaruku, mama yupo? Mpigie.

Mtoto wa Ubaruku: Yupo. Siku hizi anafuga bata. Na mbele ya nyumba kapanda mjohoro, eti kivuli. Nikienda ananipa fagio.