Riwaya za mapenzi: ziingie kwenye maktaba za shule na vipindi vya fasihi, au zibaki za kupitishia muda?

Mleta mada

Wakuu, hoja hii kila ikiguswa huishia kwenye kejeli, leo naomba tuijadili kwa uzito wake. Mtu akisema anasoma riwaya ya upelelezi, ataulizwa muuaji alikuwa nani. Akisema anasoma riwaya ya mapenzi, ataulizwa lini ataanza kusoma vitabu vya maana. Swali langu: riwaya za mapenzi za siku hizi, zile zinazochimba hisia na zenye wahusika wa kila namna, zinastahili kununuliwa kwa fedha za umma, kuwekwa kwenye maktaba za sekondari na kujadiliwa darasani? Mimi nasema ndiyo.

Lawama kubwa ni kwamba mwisho wake unajulikana. Ni kweli unajulikana. Chama cha waandishi wa riwaya hizi nchini Marekani, kilichoanzishwa 1980, kiliweka masharti mawili tu: mapenzi yawe ndiyo uti wa mgongo wa hadithi, na mwisho uwe wa matumaini na uridhishe moyo. Lakini hata tanzia tunaingia tukijua kabisa mhusika mkuu ataanguka, na sijasikia anayeidharau kwa hilo. Ukishajua wawili hawa watakuwa pamoja, huulizi tena kama watapatana. Unauliza huyu aliyeumizwa hivi atamwaminije mtu tena, na kwa njia ipi. Hapo mwandishi hana pa kujificha. Moyo ukigeuka ghafla bila sababu, kitabu kimekufa, na wasomaji wa mapenzi hawasamehi kosa hilo.

Ndiyo maana suala la nani anaandikwa ni zito. Mills & Boon ilianzishwa London 1908, Harlequin ikaanzishwa Kanada 1949, zote kampuni zinazojulikana kwa kuchapisha riwaya za mapenzi, na vitabu vyao vimesambaa dunia nzima. Kwa miongo mingi anayependwa humo alikuwa karibu kila mara Mzungu, kijana na mwenye afya tele. Chama kile cha waandishi cha Marekani kilianza kutoa tuzo miaka ya 1980, lakini waandishi weusi wa kwanza kushinda tuzo yake ya RITA walipatikana 2019. Duka la vitabu la The Ripped Bodice la California, linalouza riwaya za mapenzi, lilihesabu vitabu vilivyotolewa 2016 na wachapishaji wakubwa wa fani hii: vya waandishi wasio Wazungu havikufika 8 katika kila 100.

Mwisho mwema ni ahadi. Watu wa aina moja wakiahidiwa wao tu, wengine wote wanabaki kuwa marafiki wa kutoa ushauri na kushika mkoba wakati mwenzao anapendwa. Msichana anayesoma hivyo miaka nenda rudi anajifunza nafasi yake bila kuambiwa na mtu.

Tena utofauti ukiandikwa na anayeujua, unabadilisha hadithi yenyewe. Chukua mhusika kiziwi anayezungumza kwa lugha ya alama. Wapenzi wengi hugombana taa ikiwa imezimwa, kila mmoja kalala anatazama dari. Huyu hawezi. Ugomvi wake lazima uwe kwenye mwanga, macho kwa macho, mikono ikionekana. Mwenzake akinyoosha mkono akazima taa, amemziba mdomo, na wote wawili wanajua. Mwandishi anayelielewa hilo ana sura nzima hapo, na pengine kitabu kizima. Asiyelielewa atamvalisha mhusika kifaa cha kusikia ukurasa wa 3, kisha amsahau.

Nawasilisha.

Mchangiaji wa kwanza

Mleta mada, umejenga hoja vizuri lakini sikubaliani nawe. Nafundisha fasihi sekondari. Nimekuta humo wivu unaitwa mapenzi, na mwanamume aliyekataliwa mara nne akisifiwa kwa uvumilivu hadi anakubaliwa. Mtu mzima atalichuja hilo. Wa miaka 15 ambaye bado hajapenda analichukua kama maelekezo. Halafu kuna suala la rafu. Fedha za maktaba ni kidogo, kitabu kimoja kikiingia kingine kinakosa nafasi. Asome kila mtu akipendacho kwa fedha yake, mimi sina ugomvi. Ya umma tuwe nayo makini.

Mchangiaji wa pili

Naunga mkono mwalimu, na naongeza moja. Huo utofauti siku hizi umekuwa wa kutimiza orodha: mmoja mwenye ulemavu, mmoja mhamiaji, mmoja mwenye msongo wa mawazo, wote wanaongea sauti moja. Msongo wenyewe unapona kwa busu sura ya 20. Mimi nimeishi na ugonjwa huo, hauponi hivyo, na kitabu cha namna hiyo kinaniumiza kuliko kile kisichonitaja kabisa.

Mchangiaji wa tatu

Kuna utafiti wa Chuo Kikuu cha York, Toronto, uliochapishwa 2013. Watu waliozisoma zaidi riwaya za mapenzi walifanya vizuri zaidi kwenye kipimo cha kutambua hisia za mtu kwa kutazama picha ya macho yake tu, hata baada ya watafiti kuzingatia umri, jinsia na haiba. Kwa hiyo tusiseme hazina faida.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu, utafiti wa namna hiyo hauonyeshi kipi kilitangulia. Yawezekana wepesi wa kusoma hisia ndio wanaovutwa na vitabu hivi.

Mleta mada

Hapo mwalimu yuko sahihi, nami sitaki kuegemeza hoja yangu kwenye utafiti huo. Naegemea kwenye kurasa zenyewe.

Mchangiaji wa pili, nimekusoma kwa makini na nashukuru umesema. Unachokieleza ni kazi mbovu, na ndicho kigezo ninachokitaka. Riwaya nzuri ya mapenzi haimponyi mgonjwa. Inamwonyesha mpenzi akijifunza kukaa kimya kitandani pembeni yake asubuhi asiyoweza kuamka, bila kumhimiza, bila kumhesabia. Upendo unabaki, ugonjwa nao unabaki.

Mwalimu, huyo aliyekataliwa mara nne yumo pia kwenye vitabu vingi vya zamani tunavyoviheshimu, na vinafundishwa. Wanafunzi wako wanavisoma hivi vya mapenzi tayari, kwenye simu, usiku, bila mtu wa kujadiliana naye. Laiti wangepewa kurasa mbili kwa pamoja: moja ambamo anayekataliwa anazidi kung'ang'ania, nyingine ambamo anasikia hapana, anaondoka, na hadithi inampa kazi ya kubadilika kabla hajakaribishwa tena. Waulize ipi inaaminika na kwa nini. Hilo ni somo la fasihi kamili, lina msuko, lina usawiri wa wahusika. Kwa ununuzi, mimi ningeuliza maswali haya: kosa lina gharama kwa aliyelitenda? Msamaha umeombwa kwa maneno na kwa vitendo? Wote wawili wana maisha nje ya mapenzi yao? Kikishindwa hapo, kisinunuliwe hata kama kinauzwa kama njugu.

Mchangiaji wa kwanza

Kwa maswali hayo naweza kukubali vichache, na zoezi la kurasa mbili nitalijaribu na kidato cha tatu. Lakini lazima mtu avisome vitabu hivyo hadi mwisho kabla ya kununua, maana jalada na muhtasari wa nyuma havisemi chochote kuhusu hayo. Nina madaftari ya insha mpaka usiku. Nani atavisoma?