Ushauri: Tupo 22 tunakwenda Udzungwa, na mama mwenye magoti mabovu hataki kuachwa

Heshima kwenu wakuu.

Mimi ni katibu wa kikundi cha kusaidiana hapa Dar, tupo 22. Mwaka huu tumechoka kumalizia mfuko ukumbini kwa kuku na kwaito, tukakubaliana twende Hifadhi ya Milima ya Udzungwa mwezi wa tisa, siku mbili. Michango imeshakamilika. Balaa limeanza pale mtu aliporusha picha za maporomoko ya Sanje kwenye grupu. Vijana hawasikii la mtu, wanataka kufika juu kabisa. Mweka hazina wetu ni mama wa miaka 61, magoti yake ni yale mnayoyajua, na ametamka wazi kuwa hakuchanga ili akakae kwenye gari. Na bila yeye hiki kikundi kingeshakufa zamani.

Tukodi Coaster, au tupande SGR hadi Morogoro? Na mama huyu nimfanyeje?

Mwana wa Kilombero:
Karibuni kwetu. Kwanza elewa Udzungwa si Mikumi. Ndani ya hifadhi huzunguki na gari, ni miguu tu. Coaster itawashusha Mang'ula makao makuu, kama kilomita 60 kutoka njia panda ya Mikumi, mkishapita miwa ya Kidatu. Hapo kazi yake imeisha. Anayetegemea kumwona simba dirishani mwambie mapema. Tembo wapo, ila utakutana na kinyesi na matawi yaliyovunjwa. Mwenyewe omba usimkute kwa karibu.

Sanje ina mita 170, imejigawa mara tatu. Njia yake inaanzia kijiji cha Sanje, si pale getini, wengi hupotea hapo. Mtu mzima wa afya anatumia kama saa nne kwenda na kurudi. Nyinyi wa kupiga picha kila mti, wekeni sita.

Mama apelekwe maporomoko ya Prince Bernhard. Ni kama kilomita moja, jirani na geti, na mbega wekundu anaweza kuwaona hukohuko. Akibahatika atamsikia na ng'olaga, yule nyani ambaye wanasayansi walimtambua mwaka 1979, wakati wazee wetu walikuwa na jina lake siku zote. Duniani kote yupo kwenye milima hii tu.

Kisiki:
Rudini ukumbini mkuu. Kuku hana mlima.

Dada wa Msamvu:
Mpuuze huyo. Sisi tulikwenda 14, watu wa ofisi moja, kiongozi akashikilia twende mwendo mmoja kwa ajili ya "umoja". Saa nane mchana poromoko la juu hatujaliona, mzee wetu kakaa kwenye mzizi anasema tumwache hapohapo. Kugawanyika haiwezekani, tumeomba askari mmoja tu na bunduki ni yake. Tukageuka wote. Njia nzima hadi Morogoro hakuna aliyemsemesha mwenzake. Kosa lilikuwa letu. Pigeni simu hifadhini mapema, ombeni waongozaji wa makundi mawili. Na lipieni kabla, geti halipokei noti.

Habari ya SGR sahau. Watu 22 na mabegi mkigombania basi la Ifakara pale stendi? Coaster. Suruali ndefu kwa wote, akina dada pia. Siafu na upupu havijui mitindo.

Mzee Kobe:
Natofautiana nanyi. Mmemuuliza mwenyewe? Mama mkwe wangu alipanda Sanje na miaka 64 yake, fimbo mkononi, akawaacha vijana wa chipsi wanahema. Kinachoua magoti ni kushuka. Msimpangie mtu mzima kama mtungi wa maji.

Mleta uzi:
Mzee Kobe shikamoo, umenipiga palepale. Kweli sikuwa nimemuuliza, nikampigia jana usiku. Amecheka sana. Anasema Sanje hakuitaka tangu mwanzo, alichokataa ni kubakizwa na dereva kulinda mabegi. Atakwenda hiyo njia fupi, kisha asimamie chungu cha pilau.

Nimeandika hivyo kwenye grupu, na sasa vijana wanne nao wameanza kulalamika magoti.

Kisiki:
Magoti hayo yamesikia pilau.

Mwana wa Kilombero:
Waandikishe kundi la mama, ila wabebe maji yake. Na hilo pilau lisiachwe peke yake hata dakika moja. Nyani wa Mang'ula wanafunua sufuria, na mfuniko hawarudishi.

Dada wa Msamvu:
Nathibitisha. Sisi walikula maandazi yote, na kopo la sukari wakaondoka nalo juu ya mti.